Kuwasha semi (lori la tela) ya dizeli kwenye baridi ya nyuzi -35 za Selsiasi bila hita ya injini: tuelekezane humu

Tela53 (Winnipeg)

Wakuu, salaam.

Kila Novemba ikiingia, vijana wetu waliopata leseni majuzi na kupangiwa njia za Manitoba na Saskatchewan za Kanada, Dakota Kaskazini na Minnesota za Marekani huniuliza swali lilelile: nitawashaje gari asubuhi kama hakuna pa kuchomeka hita? Nimeona nianzishe uzi mmoja, kila mwenye uzoefu aongeze chake, na atakayekuja mwakani aukute hapa.

Hita ninayosema ni ile inayokaa kwenye bloku ya injini na kupasha maji ya rejeta kwa umeme wa kuchomeka. Huku Winnipeg hata maegesho ya ofisi yana soketi kwenye nguzo kwa ajili hiyo. Lakini dereva wa masafa halali mjini. Analala kwenye kituo cha malori au uwanja wa mteja ambako soketi hakuna, au kapewa kichwa kilichotoka majimbo ya kusini ambacho hita haikufungwa kabisa, au waya wa hita ulikatika tangu kiangazi na hakuna aliyeugusa.

Msimamo wangu nausema mapema: gari la baridini linawashwa jioni. Wengi wanaokwama saa 11 alfajiri, tatizo lao lilianza jana yake kwenye pampu ya mafuta au pale walipozima injini. Ukishafika asubuhi na kila kitu kimeganda, ujanja unaobaki ni mchache na mwingi wake una hatari.

Tuanze na kwa nini dizeli inagoma. Haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa kwenye silinda mpaka inapata moto, mafuta yanapulizwa, yanawaka yenyewe, na ili yawake yanahitaji zaidi ya nyuzi 200. Kwenye -35 hewa inaingia ikiwa ya barafu, kuta za silinda zinanyonya joto, na injini ikizunguka kivivu hewa inapenya kwenye ringi kabla haijapata moto wa kutosha. Injini nyingi kubwa zinahitaji mizunguko 100 mpaka 150 kwa dakika ndipo zishike. Kwa hiyo unachohitaji ni kasi ya stata, na kasi hiyo inatoka kwenye betri.

Betri nayo ni ya asidi, na baridi inaipunguza nguvu. Kwenye -18 inabaki na takriban asilimia 40 ya uwezo wake wa kuzungusha injini, na saa hiyohiyo oili imekuwa nzito, injini inadai nguvu zaidi kuliko siku ya joto. Ile namba ya CCA (nguvu ya kuwashia kwenye baridi) iliyoandikwa kwenye betri hupimwa kwenye -18 hiyohiyo, kwa sekunde 30. Kwenye -35 usiihesabu yote. Betri moja mbovu kati ya nne zilizoungwa pamoja inazivuta tatu nzima chini, kwa hiyo zipimwe moja moja Oktoba, zikiwa zimefunguliwa waya.

Oili: 15W-40 ndiyo iliyozoeleka kwenye malori, lakini daraja la 15W hupimwa uzito wa kuzungushwa kwenye -20. 10W hupimwa -25, 5W hupimwa -30, 0W hupimwa -35. Ukilala bila hita kwenye -35 na 15W-40 ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), stata inasukuma kitu kisichotaka kusogea. Mwombe bosi wako 5W-40 au 0W-40 ya sintetiki inayokubaliwa na mtengenezaji wa injini. Ni ghali, lakini gharama ya kuvutwa na winchi Januari kwenye Barabara Kuu ya 1 ni kubwa zaidi.

Mafuta ndiyo yanayowaliza wengi. Dizeli ina nta ndani yake. Dizeli ya kawaida, namba 2, huanza kuingia ukungu kwenye -10 hivi, nyingine hata kabla ya hapo. Chembe za nta zinajikusanya kwenye filta mpaka mafuta hayapiti. Ukiitazama inafanana na mafuta ya nazi asubuhi ya Julai kule Lushoto. Namba 1 ina nta kidogo na inavumilia mpaka karibu na -40, ingawa lita moja inakupeleka maili chache kidogo kwa sababu nguvu yake ni ndogo. Vituo vya huku vinabadilisha mchanganyiko kufuata majira na eneo. Dizeli ya Januari ya Saskatchewan na dizeli ya Januari ya Texas ni vitu viwili, japo pampu zinafanana.

Sasa jioni fanya hivi. Jaza mafuta kaskazini, pale unapolala au karibu na hapo, na ujaze tenki lote, maana tenki tupu linatengeneza unyevu na unyevu unageuka barafu kwenye filta. Kama tenki lina mafuta ya kusini, mimina dawa ya kuzuia kuganda kabla mafuta hayajaingia ukungu, kisha jazia dizeli juu yake ili ichanganyike. Dawa hiyo ikitiwa baada ya nta kutokea, haifanyi kitu. Fungua kidogo koki ya kitenganisha maji, mwaga mpaka itoke dizeli safi. Mwaga pia maji kwenye matenki ya upepo wa breki.

Egesha ukielekeza kisogo kwenye upepo, au jifiche nyuma ya jengo au tela la mwenzako. Funga kifuniko cha grili. Kama sheria ya pale inaruhusu kuacha injini ikiunguruma, iache, lakini pandisha mizunguko ifike 1,000 au 1,100. Kwenye 600 injini ya lita 15 haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui vizuri, na masizi yanajaa kwenye kichujio cha moshi. California kikomo ni dakika 5. Mikoa na majimbo mengi ya baridi yana nafuu kunapokuwa na baridi kali, lakini hazifanani, soma za unakolala.

Kama huruhusiwi kuunguruma, au unaona uchungu wa mafuta, weka kengele ya simu. Kila baada ya saa 3 hivi amka, washa, acha mpaka maji yafike nyuzi 80, zima, lala. Zima friji na kibadilisha umeme usiku. Mwenye hita ndogo ya dizeli inayopasha maji ya injini, ya Webasto au Espar, ana bahati: hiyo inafanya kazi ya hita ya bloku bila soketi, ila inakula betri, kwa hiyo betri ziwe nzima.

Asubuhi: washa swichi bila kupiga stata. Kama injini ina hita plagi (plagi za kupasha silinda) au ina hita ya hewa kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia injini), subiri taa ya kusubiri izimike, kisha zima swichi na urudie mara ya pili. Taa, feni na redio vyote vizimwe. Gia huru, na kama ni gia za mkono kanyaga klachi mpaka chini, maana oili ya giaboksi imekuwa gundi na klachi inaiondoa kwenye mzigo wa stata. Usikanyage mafuta kama injini ni ya kompyuta. Piga stata sekunde 15 mpaka 20, isizidi 30, pumzika dakika 2 ili stata ipoe na betri ijikusanye. Ikishika, usiipandishe. Angalia presha ya oili, iache itulie kwa dakika kadhaa, na turbo ipate oili kabla ya kudai kitu kingine.

Nawaachia nafasi. Ongezeni.

Mama Semi (Regina)

Asante sana kaka Tela. Naongeza mawili na nina swali moja.

La kwanza, breki. Usiku baada ya kupita kwenye theluji yenye maji, breki zikiwa na moto, ukivuta breki ya kuegesha unakuta asubuhi viatu vya breki vimegandana na dramu. Injini inawaka vizuri halafu tela linaburuzwa matairi hayazunguki. Kabla ya kuegesha, tembea taratibu mita kadhaa ukigusa breki kidogo ili zikauke. Asubuhi, achia breki, chukua nyundo, gonga dramu kwa nje, tairi moja baada ya jingine, halafu sogea mbele nyuma kidogo huku ukitazama kila tairi kwenye kioo. Usilazimishe. Nimeona matairi ya tela yaliyosagika upande mmoja kwa sababu mtu aliburuza uwanja mzima akidhani ni utelezi.

La pili ni DEF, yale majimaji ya urea ya kusafisha moshi. Inaganda kwenye -11, na wageni wakiona tenki lake ni barafu wanaingiwa hofu. Hilo halizuii gari kuwaka. Tenki lina mfumo wake wa kuyeyusha, linapasha kwa maji ya injini baada ya kuwaka. Usitie maji ya moto wala kulanti (maji ya rejeta) humo, utaharibu mfumo mzima wa moshi.

Swali: redio husema "leo -33, lakini ukiweka upepo ni -47". Injini nayo inaisikia hiyo -47? Mume wangu na mimi tunabishana kila mwaka.

Tela53

Dada, hilo la breki ni dhahabu, ahsante.

Kuhusu upepo: chuma hakishuki chini ya joto la hewa. Kama hewa ni -33, injini itafika -33 na kusimama hapo hata upepo uvume vipi. Ile -47 inaeleza jinsi ngozi yako inavyopoteza joto. Lakini upepo unaifikisha injini kwenye -33 haraka zaidi. Injini iliyozimwa ikiwa na nyuzi 85, mahali palipojikinga inaweza kukaa na uvuguvugu saa kadhaa, na upepo wa prairi, hizi tambarare za huku, unaimaliza mapema. Kwa hiyo chagua oili na mafuta kwa -33, lakini panga muda wa kuamka usiku kwa kuangalia upepo. Nyote wawili mna haki yenu.

Fundi Stata (Makambako)

Wakuu nawasoma nikiwa Makambako, huku Juni asubuhi tukifika nyuzi 4 au 5 watu wanalia, sijui mnaishije nyie.

Mimi nauliza kama fundi. Mbona hamjataja etha, ile dawa ya kopo inayowaka upesi? Sisi gari likigoma asubuhi, dawa ni kupuliza etha kwenye njia ya hewa, linashika palepale. Na wengine huwasha moto wa mkaa chini ya sampo, au lampu ya gesi. Kwa -35 ningedhani ndiyo njia ya kwanza.

Tela53

Fundi karibu sana, na umefanya vizuri kuuliza waziwazi, maana haya mawili yanaumiza watu.

Etha inawaka kwenye joto dogo, chini ya nyuzi 200, ndiyo maana inashika wakati dizeli inakataa. Lakini haingoji mafuta yapulizwe. Inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Ukizidisha, ringi zinavunjika au pistoni inapasuka. Na injini yenye hita plagi au hita ya hewa kwenye manifoldi, etha ikikutana na kile chuma chekundu inalipukia kwenye manifoldi, mbele ya uso wako. Cummins nyingi za lita 5.9 na 6.7 zina hita ya hewa. Power Stroke ya lita 7.3 ina hita plagi. Kwenye hizo etha ni marufuku, hakuna mjadala.

Sikatai kwamba zipo mashine nzito za zamani zilizotoka kiwandani na kifaa cha etha chenye kipimo maalumu. Hicho ni kipimo kidogo kinachoingia injini ikiwa tayari inazunguka. Kopo la mkononi halina kipimo. Kama injini yako haina hita yoyote ya hewa na kitabu chake kinaruhusu, pulizo fupi wakati mwenzako anapiga stata, basi. Kitabu kikikataa, kopo libaki dukani.

Moto chini ya sampo siukubali hata kidogo. Chini ya lori la kisasa kuna mabomba ya plastiki ya mafuta, nyaya za kompyuta, na oili iliyogandamana na vumbi kwenye fremu. Uko peke yako, -35, saa 10 usiku, ukichoma gari umechoma na nyumba yako ya usiku huo. Zimamoto wako mbali.

Na gari lako la nyuzi 5 likisumbua asubuhi, kwa kawaida tatizo si baridi. Angalia kama mafuta yanarudi tenkini usiku kwa sababu ya mpira uliopasuka au vali ya kurudisha iliyochoka. Angalia hita plagi moja moja, na betri. Baridi ya Makambako inafichua ugonjwa ambao ulikuwepo.

Fundi Stata

Nimekupata mkuu. Hilo la mafuta kurudi tenkini nina Fuso mbili hapa zenye tabia hiyohiyo, kesho naanza na mipira.

Mzee wa Edmonton

Vijana, nafurahi kuona mnapeana elimu kwa lugha yetu.

Hili la jioni analosema Tela ni la zamani kuliko malori yenu. Marubani wa ndege ndogo za kaskazini mwa Kanada, enzi za mwanzo, wakitua jioni walimwaga oili ya injini ikiwa ya moto, wakalala nayo ndani. Asubuhi waliipasha kwenye jiko, wakairudisha, na huku wamefunika injini kwa turubai na kuipasha kwa moto chini yake, wakiisimamia bila kutoka. Hawakuwa na soketi. Hita ya injini yenyewe ilitengenezwa na Andrew Freeman wa Grand Forks, Dakota Kaskazini, akapata hataza (haki ya uvumbuzi) yake mwaka 1949. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiishi na kazi zikienda.

Ninachotaka kuongeza ni njia ya turubai, kwa wale wenye uwanja na vifaa. Unafunika boneti na pande zote mpaka chini ardhini, unazuia kingo kwa theluji, halafu unaingiza hewa ya moto kwa bomba kutoka kwenye hita ya viwandani iliyokaa nje ya turubai, mita kadhaa mbali. Moto unabaki nje, hewa peke yake inaingia. Elekeza kwenye sampo na kwenye betri. Kwa injini kubwa iliyoganda usiku kucha subiri saa mbili au zaidi, usiwe na pupa. Mtu asilale kwenye kebini wakati huo, maana moshi wa hita una gesi isiyonuka wala kuonekana, na ikiingia humo inaua.

Na betri iliyoganda msiiguse kwa umeme. Betri iliyojaa chaji haigandi kirahisi, inavumilia mpaka chini ya -60. Betri iliyokufa chaji inaweza kuganda kwenye -10 tu. Ukiona ubavu umevimba au umepasuka, usiibusti (usiiunge na betri ya gari jingine ili uwashe), usiichaji, inaweza kulipuka. Itoe, ipelekwe ndani iyeyuke, na mara nyingi imeshakwisha.

Tela53

Shikamoo mzee wangu. Umenifunika kwenye betri. Niongeze kidogo kuhusu kubusti kwa sababu wengi wananunua waya za gari dogo. Semi inataka waya nene kama kidole gumba. Unganisha, halafu acha gari linalosaidia liungurume dakika 10 mpaka 15 likichaji kabla hujapiga stata. Waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha fremu mbali na betri. Na wanaotoka Ulaya au Afrika Mashariki mkumbuke: kule malori mengi ni volti 24, huku ni 12. Usiunganishe vitu viwili tofauti.

Kivu_Express (Fargo)

Ndugu zangu, niko na shida sasa hivi, nisaidieni. Niko karibu na Fargo, hewa ni -31. Nimelala usiku gari likiwa limezimwa, hita haipo. Asubuhi stata inazunguka vizuri, gari likawaka mara ya kwanza, nikafurahi. Baada ya dakika mbili tatu likaanza kukosa nguvu, likazima. Sasa nikipiga stata linazunguka lakini haliwaki. Betri bado ziko sawa, na gari la mwenzangu liko hapa linaunguruma.

Mzee wa Edmonton

Usiendelee kupiga stata mwanangu, utamaliza betri bure.

Tela53

Kaka pole. Jibu haya haraka: nyuma kwenye bomba la moshi, wakati unapiga stata, kuna moshi mweupe au hakuna moshi kabisa? Na mafuta ulijaza wapi?

Kivu_Express

Moshi hakuna. Mara ya kwanza ulikuwepo, sasa hakuna hata kidogo. Mafuta nilijaza Kansas, sikuongeza njiani kwa sababu bei ilikuwa nzuri kule.

Tela53

Basi tumeshajua. Moshi mweupe maana yake mafuta yanafika lakini joto halitoshi. Kutokuwepo moshi maana yake mafuta hayafiki. Liliwaka kwa mafuta yaliyokuwa ndani ya filta, halafu nta ikaziba. Injini yako na betri ni nzima.

Nenda kwenye filta ya mafuta upande wa fremu. Kama ni ile ya kifuniko cha plastiki angavu, tazama: mafuta yamepanda mpaka juu na yana weupe wa maziwa?

Kivu_Express

Ndiyo kaka, yamejaa juu kabisa, meupe, kuna vipande. Kabla ya hapo nadhani yalikuwa robo tu.

Tela53

Hiyo ndiyo nta. Fuata utaratibu huu bila haraka, na kila dakika chache ingia kwenye kebini ya mwenzako upate joto, vidole vikifa ganzi hutafanya kazi.

Nenda dukani hapo kituoni. Chukua filta mpya zote mbili, ya kwenye fremu na ya kwenye injini, na chupa ya dawa ya dharura ya kuyeyusha. Zipo dawa mbili, ya kuzuia na ya kuyeyusha. Unahitaji ya kuyeyusha, soma chupa. Pia nunua galoni kadhaa za dizeli namba 1 kwenye dumu. Filta na dumu viweke ndani ya kebini ya mwenzako vipate joto.

Toa filta zilizoziba. Weka mpya. Ya kwenye fremu ina kifuniko juu, fungua ujaze dizeli namba 1 iliyochanganywa na dawa ya kuyeyusha, kwa kipimo kilichoandikwa. Usimwage petroli wala spiriti humo, mafuta ya dizeli ndiyo yanayolainisha pampu ya presha kubwa na petroli itaikwangua. Kiasi kilichobaki cha dawa mimina kwenye matenki yote mawili kwa kipimo chake, halafu ujazie namba 1 juu. Kama kuna nafasi ya nusu tenki, ijaze yote.

Kisha washa swichi, acha pampu ya kuvutia ifanye kazi, zima, washa tena, mara kadhaa. Baada ya hapo piga stata sekunde 15, pumzika dakika 2.

Mama Semi

Na kaka Kivu, wakati unasubiri angalia pia mpira wa kuvutia mafuta kutoka tenkini, kama umeganda kwenye kona yake. Ukiugusa ni mgumu kama mti, funika hapo na uelekeze hewa ya moto ya mwenzako, siyo moto wa wazi.

Msomaji_wa_Kaskazini

Samahani naingilia. Mimi nina pikapu tu, Ram ya Cummins 6.7, nyumbani, waya wa hita umekufa na fundi ana nafasi wiki ijayo. Usiku -28. Nifanyeje kwa siku hizi chache?

Tela53

Wewe una nafuu. Betri zako mbili zitoe jioni ulale nazo ndani, au uziweke kwenye chaja. Dizeli iwe ya hapo mtaani, siyo ya kwenye dumu la kiangazi. Asubuhi zungusha hita ya hewa mara mbili kama nilivyoandika juu. Kama oili ni 15W-40, hii ndiyo wiki ya kuibadilisha. Etha usiiguse kwenye hiyo injini.

Kivu_Express

Ndugu zangu, MUNGU AWABARIKI. Limewaka! Mara ya kwanza lilikohoa likazima, la pili likazima, halafu likashika na limeunguruma mpaka sasa. Moshi mweupe ulijaa uwanja, sasa umeisha. Mafuta kwenye kile kifuniko yameshuka na ni safi. Mpira wa tenki ulikuwa na baridi lakini haukuziba.

Niendelee na safari? Nakwenda Grand Forks kisha Winnipeg.

Tela53

Hongera kaka. Usiondoke bado. Acha liungurume mpaka maji yafike nyuzi 80, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yatapasha tenki taratibu. Nta iliyoko tenkini bado ipo, na ukitoka barabarani na upepo wa kilomita 100 kwa saa unaopiga tenki, inaweza kuziba tena kabla ya Grand Forks. Nunua filta moja ya akiba na chupa moja zaidi ya dawa, viweke kebini. Kifuniko cha grili kifungwe. Barabarani tazama kile kifuniko angavu kila unaposimama: mafuta yakianza kupanda juu tena, ingia kituo cha karibu mapema, usingoje likuzimie kwenye barabara kuu ya I-29.

Halafu ukifika, mweleze mtu wa kupanga safari kwenye kampuni yako kwamba gari linalotoka kusini liruhusiwe kujaza kaskazini, hata bei ikiwa juu. Wengi wao hawajawahi kukaa kwenye -31, wanaona tofauti ya bei kwa galoni tu.

Kivu_Express

Nimeelewa. Dawa ya kuzuia nayo nimeichukua, ya jioni. Na oili je, nimeangalia kwenye kitabu cha gari, ni 15W-40. Nibadilishe hapa?

Mzee wa Edmonton

Leo stata ilizunguka vizuri na gari linawaka, hiyo isikusumbue barabarani. Ukifika Winnipeg, kama kuna karakana ya ndani yenye joto, badilisha hapo gari likiwa limepata uvuguvugu, oili itatoka yote. Waambie wakuwekee 5W-40 na wakupime betri zote moja moja wakati gari liko ndani. Na wakati wako chini, waulize bei ya kufunga hita ya bloku.

Tela53

Namuunga mkono mzee. Na kaka Kivu, ukishafunga hiyo hita, chomeka na upime kama inafanya kazi kabla hujatoka karakanani: weka mkono juu ya bloku baada ya saa moja, lazima usikie joto. Mengi yanafungwa na hayajawahi kupimwa.

Ukifika Winnipeg nijulishe humu nikuelekeze pa kuegesha penye soketi. Wengine endeleeni, kuna mtu ana uzoefu wa kulala na injini za mfumo unaojiwasha wenyewe usiku kufuata joto la maji na chaji ya betri? Nataka tuzungumzie hiyo, maana malori mapya mengi yanayo na watu hawajui kuuseti.